Mgonjwa wa lukemia anayetibiwa akitokea nyumbani: siku za kumlinda na siku za kumwachia

SWALI: Mama yangu ana miaka 54. Aligundulika kuwa na lukemia kali ya limfu (saratani ya damu), akalazwa miezi kadhaa, na sasa daktari anasema uboho umesafika. Ameruhusiwa, anahudhuria kliniki tu. Anameza merkaptopurini kila usiku na metotreksati mara moja kwa wiki, na kila mwezi anachomwa vinkristini kwenye mshipa na kupewa vidonge vya deksamethasoni vya siku tano. Majibu ya damu tunaambiwa yanaridhisha. Lakini mama analala mchana kutwa, chakula anakisukuma pembeni, hataki wageni, na sisi kwa kuogopa tumemkataza kila kitu: matunda, kutoka nje, hata wajukuu. Wodini alikuwa mchangamfu kuliko sasa. Tunakosea wapi?

JIBU: Pole kwa kuuguza. Mmekosea kama wanavyokosea wengi wanaompenda mgonjwa wao: mmechukua masharti ya siku mbaya kabisa mkayafanya ya mwaka mzima. Wodini kulikuwa na wauguzi waliojua leo ni siku ya ngapi na damu inasomaje, kwa hiyo walimzuia mama alipohitaji kuzuiwa na wakamwachia palipowezekana. Nyumbani hakuna ajuaye, na asiyejua hukataza kila kitu. Sehemu hii ya tiba huchukua miaka miwili hivi. Huwezi kumweka mtu kwenye chumba cha kutengwa miaka miwili ukategemea atakula na kucheka.

Nunueni daftari. Kila siku liandikwe tarehe, siku ya ngapi tangu vinkristini ya mwisho, joto la asubuhi na la jioni, dawa zilizomezwa, na uchovu kwa alama, 0 hadi 10, alama atoe mama mwenyewe. Kila akitoka kliniki ziandikwe namba tatu: nyutrofili, chembe sahani na himoglobini. Mengine yote kwenye karatasi ya majibu waachieni madaktari.

Nyutrofili ni zile chembe nyeupe zinazopambana na bakteria. Karatasi nyingi huandika idadi yake kamili kwenye mstari wake. Ikikosekana, pigeni hesabu. Chembe nyeupe zikiwa 2.1 (maana yake 2,100 kwa mikrolita) na nyutrofili asilimia 40, basi nyutrofili ni 840. Zikizidi 1,000 mama anaweza kuishi karibu kama watu wengine, akinawa mikono na kukaa mbali na wanaokohoa. Kati ya 500 na 1,000 aepuke mikusanyiko ya ndani, kama vyumba vya mikutano na magari yaliyojaa. Chini ya 500, hapo ndipo masharti yenu makali yana maana, isipokuwa lile la matunda. Jueni pia kwamba katika hatua hii dawa hupangwa kwa makusudi zishushe chembe: taratibu nyingi hulenga nyutrofili kati ya 500 au 750 na 1,500. Kwa hiyo 900 si dalili ya kudhoofika, ni ushahidi kwamba dozi inafanya kazi. Halafu kuna mtego mmoja: deksamethasoni huzitoa nyutrofili zilizoganda kwenye kuta za mishipa, kwa hiyo damu ikichukuliwa siku hizo tano huonyesha nyingi kuliko kinga aliyonayo kweli.

Chembe sahani ndizo za kuzuia damu isitoke ovyo. Juu ya 50,000 shughuli za kawaida zinaruhusiwa. Zikishuka chini ya hapo aache wembe, aache kupanda ngazi za kuegemeza na kubeba mizigo. Chini ya 20,000 atembee taratibu tu, na zikifika chini ya 10,000 kwa kawaida huongezewa hata kama hatoki damu. Himoglobini ndiyo inayobeba oksijeni kwenye damu; ikiwa chini ya 7 au 8 mgonjwa hupewa damu, kutegemea anavyojisikia na hali ya moyo wake.

Homa ndiyo sehemu isiyokuwa na mjadala. Mpaka wa kliniki nyingi ni nyuzi 38, na mara nyingi huelezwa hivi: 38.0 iliyokaa saa nzima, au 38.3 mara moja tu. Wenye nyutrofili chache hawatengenezi usaha wala uvimbe wa kuonekana, kwa hiyo homa huweza kuwa dalili pekee ya bakteria walioingia kwenye damu, na saa chache zikatosha kuua. Lengo la hospitali ni antibiotiki ya mshipa ianze ndani ya dakika 60 tangu mgonjwa afike. Makosa hutokea nyumbani kabla ya hapo, na karibu yote yana sura moja: ni saa nane usiku, mama anahisi joto, anapewa parasetamoli, joto linashuka, kila mtu analala, asubuhi hawezi kusimama. Parasetamoli imeficha dalili, haikutibu. Pimeni kwanza, mpige simu, dawa ya homa baadaye kama mtaambiwa.

Kipimajoto kiwe cha dijitali, kitumike mahali pale pale kila siku, kwa sababu kwapani husoma chini kidogo kuliko mdomoni. Kisipitishwe njia ya haja kubwa, na vivyo hivyo dawa za kuchomeka huko na enema: mkwaruzo mdogo unawafungulia bakteria mlango. Aspirini na ibuprofeni zitoke kabisa kwenye droo yake, maana huzuia chembe sahani zisifanye kazi na ibuprofeni huongeza sumu ya metotreksati. Kisha ile siri ya deksamethasoni: huzima homa. Siku hizo tano na mbili tatu zinazofuata, kutetemeka kwa baridi, kuchanganyikiwa, kupumua haraka au kuishiwa nguvu ghafla vichukuliwe kama homa hata kipimajoto kikisoma 36.8. Kama ana mrija wa kudumu kwenye mshipa wa mkono au kifua, baridi inayomshika muda mfupi baada ya mrija kusafishwa huweza kumaanisha mrija wenyewe umeingia bakteria.

Andikeni kikaratasi kikae na kadi yake ya kliniki, maana mapokezi usiku anaweza kuwepo mtu asiyemjua: "Mgonjwa wa lukemia, yuko kwenye tibakemikali. Vinkristini ya mwisho tarehe fulani. Nyutrofili za mwisho 640. Ana homa 38.4 tangu saa saba. Anahitaji damu ichukuliwe na antibiotiki ianze, asikae foleni." Maneno hayo yakisomwa kwenye karatasi hupita kasi kuliko yanayosemwa na mtu anayelia.

Sasa niende kwenye lile lililokusumbua, kulala na kukataa watu. Ukiangalia dawa zake utaona mwezi wa mama una majira yake. Siku ya 1 hadi ya 5 ni deksamethasoni: hapati usingizi, njaa haimwishi, anafoka kwa jambo dogo, anaanza kupanga upya kabati saa tisa usiku. Siku ya 6 hadi ya 9 hivi dawa imekatwa ghafla na mwili haujarudisha homoni zake zilizozimwa na dawa hiyo: misuli inauma, machozi yanatoka bila sababu, anataka kulala tu. Wakati huo huo vinkristini inafanya yake, taya linauma, vidole vina ganzi, choo kinagoma. Baada ya hapo hupanda taratibu, na wiki ya tatu na ya nne kwa kawaida ndizo zake. Angalieni mmekuwa mkileta wageni lini. Familia nyingi huwaleta siku mbili tatu baada ya kliniki, kwa sababu ndipo watu wanapokuja kuulizia majibu, na ndipo mama anapokuwa hajiwezi. Hamisheni. Daftari la miezi miwili litaonyesha siku zake bora kwa usahihi kuliko mimi.

Deksamethasoni anywe pamoja na chakula, asubuhi. Kama ni mara mbili, ya pili iwe mchana wala si usiku. Hilo peke yake huokoa usingizi wa wengi. Kiu isiyokatika na kukojoa kila mara maana yake sukari imepanda, ipimwe. Wiki ile ya machozi mwambieni kabisa kwamba ni dawa. Mgonjwa asiyeambiwa hudhani anaanza kupoteza akili, au ugonjwa umerudi na mnamficha.

Kwa choo, msisubiri kigome. Dawa ya kulainisha ianze siku ile ile ya sindano na iendelee wiki moja. Laktulosi kwa mtu mzima mara nyingi huanzia mililita 15 mara mbili kwa siku, lakini kiasi chake akipange daktari wake. Siku tatu bila choo, au tumbo kujaa na kuuma, ni simu ya siku hiyo hiyo. Ganzi ikifikia hatua ya kushindwa kufunga vifungo, au mguu unaburuza vidole akitembea, iripotiwe kabla ya sindano inayofuata kwa sababu dozi huweza kupunguzwa. Na akiandikiwa dawa ya fangasi ya kundi la vorikonazoli au itrakonazoli na daktari mwingine, ulizeni kwanza: huizuia vinkristini isivunjwe mwilini na ganzi ikawa mara dufu.

Uchovu wenyewe una sababu zaidi ya moja, na kumwambia "pumzika mama" hutibu chache sana kati ya hizo. Kwanza himoglobini itazamwe. Ikiwa ni 9 au 10 na bado alama ya uchovu ni 7, damu siyo jibu. Tiba yenye ushahidi mwingi kuliko zote kwa uchovu wa saratani ni mazoezi, ingawa inasikika kama kejeli ukimwambia mtu asiyeweza kuinuka. Misuli isiyotumika huyeyuka, na deksamethasoni huiyeyusha haraka zaidi, hasa ya mapaja. Matokeo yake kusimama tu kunakuwa kazi. Aanze na dakika tano hadi kumi, mara mbili kwa siku, mwendo unaomruhusu kuzungumza. Kila wiki ongezeni dakika mbili tatu. Kuna zoezi moja dogo ambalo ningeliweka kabla ya kutembea: kuketi kwenye kiti imara na kusimama bila kushika kwa mikono, mara tano, apumzike, tena mara tano. Likimshinda leo, ashike mikono ya kiti, lakini mwandike. Asifanye siku ya homa, siku ya kizunguzungu, wala akisikia kifua kinabana. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa na uishe kabla ya saa tisa alasiri, la sivyo unakopa ule wa usiku.

Chakula. Kumkataza matunda hakumsaidii kitu. Tafiti zilizolinganisha wagonjwa wenye nyutrofili chache waliokula vyakula vya kupikwa tu na waliokula pia matunda na mboga mbichi zilizooshwa vizuri hazikuona maambukizi yakipungua kwa wale wa kupikwa. Yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka, yamenywe, yaliwe yakiwa yamekatwa sasa hivi. Hatari iko kwingine: nyama ambayo ndani bado ni nyekundu, mayai yenye kiini cha maji, maziwa yasiyochemshwa, na chakula kilichokaa nje zaidi ya saa mbili. Kupikwa hadi katikati pafike nyuzi 74 kunatosha kwa kuku.

Kama kinachomzuia ni kichefuchefu, dawa yake inywewe nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula au kabla ya metotreksati, badala ya kungoja atapike. Ondansetroni, mojawapo ya dawa za kichefuchefu, hufunga choo, kwa hiyo ikumbukeni kwenye hesabu ya laktulosi. Kama ni ladha ya chuma, kijiko cha mti au plastiki husaidia, na chakula kilichopoa kidogo hakinuki sana. Milo sita midogo, vinywaji viwe katikati ya milo ili visijaze tumbo. Apimwe uzito mara moja kwa wiki, asubuhi ile ile, mizani ile ile. Akipoteza asilimia 5 ndani ya mwezi, yaani kilo 3 kwa mwenye 60, tatizo hilo litajwe kliniki kwa jina lake, lisizikwe chini ya "majibu ni mazuri".

Tazameni na kinywa. Wengi wasiokula huwa wanaumwa mdomo na hawasemi. Kikombe cha maji, robo kijiko cha chai cha chumvi na robo ya magadi ya kuokea, asukutue mara nne hadi sita kwa siku, mswaki uwe laini kabisa. Dawa za kusukutua zenye kilevi hukausha na kuchoma. Utando mweupe unaong'ang'ania ulimi ni fangasi, una dawa yake.

Kwenye vidonge kuna jambo moja linaloua: metotreksati ni kwa wiki, na watu wameimeza kila siku. Chagueni siku moja, iandikwe kwenye kopo lenyewe, na vidonge vya wiki hiyo tu ndivyo vikae nje. Merkaptopurini apewe saa ile ile kila usiku. Akisahau, asilipe kwa kumeza mara mbili kesho yake. Liandikwe daftarini na lisemwe. Kusahau si jambo dogo hata hivyo: kwa watoto waliofuatiliwa kwenye tiba hii, waliomeza chini ya asilimia 95 ya dozi walirudiwa na ugonjwa zaidi ya mara mbili ya waliofikisha kiwango hicho. Akiandikiwa alopurinoli kwa ajili ya gauti, daktari wa damu ajue kabla ya kidonge cha kwanza, kwa sababu huzuia merkaptopurini isivunjwe na dozi ya kawaida ikawa ya sumu. Vidonge vya vitamini vyenye asidi foliki vinaweza kupingana na metotreksati, na mitishamba ikiharibu ini hakuna atakayejua kama ni yenyewe au dawa, mwishowe zinasimamishwa dawa. Kama ameandikiwa ko-trimoksazoli (antibiotiki ya kinga) ya siku mbili tatu kwa wiki, asiiache, ndiyo inayomkinga na nimonia ya aina yake. Lakini asiongezewe nyingine kwa mafua tu. Anayemgawia vidonge avae glavu, visivunjwe wala kusagwa.

Wajukuu warudi. Mzuieni mwenye mafua, anayeharisha au mwenye vipele, si mtoto kwa kuwa ni mtoto. Mikono ioshwe kwa sabuni sekunde 20 mlangoni. Ikigundulika mama amekaa na mwenye tetekuwanga au surua, pigeni simu siku hiyo hata kama hana dalili: kinga ya dharura ina muda wake, na ndani ya saa 96 ndipo hufaa zaidi. Watoto waendelee na chanjo zao, ila ya polio iwe ya sindano badala ya matone, maana virusi hai vya matone hutoka kwenye choo cha mtoto. Watu wazima wa nyumbani wachanjwe sindano ya mafua. Mama mwenyewe asipewe chanjo yoyote yenye virusi hai.

Kuhusu moyo wake, msipime kwa macho. Muulizeni mawili, kwenye wiki zake nzuri na si zile za machozi: katika wiki mbili zilizopita, mambo aliyokuwa akiyapenda bado yanamvuta? Amekuwa akijiona hana tumaini? Akijibu vibaya kwa moja, na ikiwa hivyo siku nyingi kuliko siku chache, huenda ni sonona, ambayo inatibika na inastahili rufaa yake kama maambukizi yanavyostahili. Yapo pia mambo ya faragha ambayo mama hatamwambia mwanawe, kama ukavu ukeni, maumivu wakati wa tendo na baba, au aibu ya nywele. Mwacheni aingie kwa mwuguzi peke yake dakika kumi kila kliniki. Ninyi mkae nje.

Na kliniki ijayo nendeni na maswali matatu yaliyoandikwa: damu yaweza kuchukuliwa siku moja kabla, ili siku ya sindano asikae saa tano kwenye benchi? Simu ya usiku na ya siku za mapumziko ni ipi, na nani huipokea? Na kwa namba za leo, nini ameruhusiwa kufanya hadi kliniki ijayo? Hilo la tatu aulize mama mwenyewe, na jibu aliandike yeye kwenye daftari.